KOLERA HAIJUI LUPANGO



Tangu kiangazi kianze, kuko swali moja linalozunguka mu shule yetu: ku rekreasio, ku meza ya interna, hata mu chumba cha walimu. Ule mulango mudogo wa nyuma, wa karibu na siterne, ubaki wazi kwa majirani wanaokuja kuvoma maji, ao ufungwe?

Wamoja wanasema ufungwe kwa kufuli mupaka mvua irudi. Wengine wanasema ubaki wazi kama zamani. Sisi tunaoandika gazeti hili tumesikiliza pande zote mbili, na leo tunatoa mawazo yetu pasipo kuficha: mulango ubaki wazi, lakini kwa utaratibu. Tutasema sababu zetu moja moja, ili yule anayekataa ajue anakataa nini.

Maji mingi, kiu mingi

Mugeni akifika Goma na kuona ziwa Kivu limelala pale mbele yake, anashangaa akisikia kama watu wa muji huu wanalia maji. Na inchi nzima iko vile vile. Mwaka 2011, programu ya Umoja wa Mataifa ya mazingira ilitangaza kwamba Kongo iko na zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika yote. Lakini ripoti ile ile ilisema kwamba kwa watu 100 wa Kongo, 26 tu ndio waliokuwa na maji salama ya kunywa. Ni sawa na mutu anayelala njaa juu ya gunia la maharagi.

Juu ya nini? Kwetu hapa, sababu ya kwanza iko chini ya miguu yetu. Tunakaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mawe haya yako na matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji yanapita ndani yake na kupotea. Ndiyo maana hauoni mito inayoshuka katikati ya kartie zetu, na kuchimba kisima kwa jembe ni kazi bure. Maji mingi ya muji yanapaswa kuvutwa na pompi na kupandishwa juu, na pompi inataka umeme. Umeme ukikatika, robine zinakauka. Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, volkano ilipopasuka, moto wake uliharibu tanki na mabomba, na karibu nusu milioni ya watu walibaki pasipo maji. Na mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika ndani ya muji, umeme ulikatika na pompi zikanyamaza. Watu wakachukua bidoni na kushuka ziwani.

Mawe yale yale yanatusumbua kwa upande mwingine, ambao watu hawapendi kuutaja: choo. Mahali pengine baba wa nyumba anachimba shimo la metre tatu ao ine kwa siku chache. Hapa anahitaji nyundo, chuma na jasho la majuma, na mara nyingi anaacha mbele ya kufika metre moja. Shimo fupi linajaa upesi. Mvua kubwa inalifurisha, na uchafu unatembea mu njia, ndani ya mashimo ya mawe, mupaka kwa jirani na mupaka ziwani. Basi pale tunapotupa na pale tunapovoma panakuwa pamoja.

Yaliyotokea mwaka 1994

Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao wanakumbuka. Mu mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka mupaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, wakajaa Goma na njia zake zote. Walikunywa maji ya ziwa vile yalivyo. Mu kambi ya Kibumba hapakuwa na maji hata kidogo. Yaliletwa kwa magari. Vyoo havikuwezekana kuchimbwa juu ya mawe, na makaburi vile vile. Kolera iliingia, nyuma yake kuhara damu. Kwa mwezi wa kwanza peke yake, karibu watu 50.000 walikufa.

Tusiseme hiyo ilikuwa habari ya wakimbizi tu. Kutoka mwisho wa 2022 mupaka mwanzo wa 2025, mamia ya maelfu ya ndugu zetu Wakongomani waliokimbia vita walikaa mu kambi za kando ya Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, na kolera ikaingia tena. Mu mwezi wa pili 2025 kambi hizo zilivunjwa. Lakini mutu hapotei pamoja na kambi. Kuko waliorudi vijijini, na kuko wanaopanga chumba kimoja, watu wanane ao tisa, nyuma tu ya ukuta wa shule. Ndio wale tunaoona asubuhi na bidoni zao za njano.

Kolera inatembea namna gani

Mu biolojia tumejifunza jina lake, Vibrio cholerae, na tukaandika jina la Robert Koch mu kaye. Lakini kujua jina si kujua njia yake. Kolera inatoka mu tumbo la mutu na inatafuta kinywa cha mutu mwingine. Inapita mu maji, mu mikono, mu chakula, ku miguu ya nzi. Na jambo linalotisha zaidi ni hili: wengi walio nayo hawagonjwe sana, ao hawasikie kitu, lakini kwa siku kadhaa wanaitoa mu choo chao. Kwa hiyo huwezi kuangalia watu ku mulango na kusema: huyu aingie, huyu asiingie.

Kuko habari moja ya zamani inayofundisha vizuri. Mwaka 1854, kolera iliua watu wengi mu kartie moja ya London, inayoitwa Soho. Munganga mumoja, John Snow, alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza kila familia: munavoma wapi? Akaona kwamba wengi wa waliokufa walivoma ku pompi moja ya Broad Street. Lakini kulikuwa mujane mumoja aliyekufa mbali sana, kule Hampstead, mahali pasipo kolera hata kidogo. Kumbe alipenda utamu wa maji ya ile pompi, na kila siku aliletewa chupa. Maji yale yalikuwa meupe, ya baridi, matamu. Wakuu wa kartie wakakubali, wakaondoa mukono wa pompi.

Tunapata mafundisho mawili. La kwanza: maji yanayong'aa yanaweza kuua. La pili: umbali hausaidie, na nyumba nzuri haisaidie, kama maji mabaya yanapata njia ya kuingia.

Sasa tuangalie kwetu. Tukifunga mulango, majirani hawataacha kunywa. Watavoma ziwani pasipo klore, ao mu mashimo ya njia. Na nani anatuuzia mandazi ku rekreasio? Ni mama wa nyuma ya ukuta. Anaosha mikono na nini? Nani anakaa ku banki moja na sisi, anakopa kikombe chetu, anatusaidia hesabu? Ni mutoto wa nyuma ya ukuta. Maji tunayowanyima asubuhi yatatufikia saa ine ndani ya mandazi. Lupango yetu iko na metre mbili za mawe na vipande vya chupa juu yake. Mwizi anaiogopa, kolera haiijui.

Hesabu ya bidoni

Wanaofanya kazi za musaada mu kambi wanafuata kipimo kimoja: mutu mumoja apate angalau litre 15 kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Litre 15 si utajiri. Lakini tupige hesabu kwa familia ya watu saba: ni litre 105, maana bidoni tano za litre 20 na kidogo juu yake. Kila bidoni iliyojaa ni kilo 20 za maji. Kama safari moja, pamoja na kungoja, inakula nusu saa, bidoni tano ni saa mbili na nusu kila siku. Mwenye feza analipa mutu wa chukudu amuletee. Asiye na feza anatuma mutoto.

Na mutoto gani? Mwaka 2023, UNICEF na OMS walitangaza kwamba mu dunia, kwa nyumba 10 zisizo na maji ku lupango, mu nyumba 7 ni wanawake na wasichana wanaokwenda kuvoma. Hapo tunasema na wavulana wenzetu kwa upole: ukiona dada yako anafika amechelewa, nguo imelowana, macho yanasinzia mu somo la kwanza, usicheke. Amekwisha kubeba kilo mia moja mbele ya kengele. Anayekosa maji karibu anakosa masomo pia. Na njia ya kwenda kuvoma mapema, wakati kungali giza, haiko salama kwa musichana peke yake. Kila musichana wa darasa letu anajua hilo.

Majibu yetu kwa wanaokataa

Wanaokataa si watu wabaya. Maneno yao yako na uzito, na yanastahili majibu.

Wanasema: «Maji yataisha, interna itabaki kavu.» Ni kweli siterne haiko ziwa. Ndiyo maana hatuombe mulango wazi mchana kutwa. Tunaomba saa moja asubuhi mbele ya kengele na saa moja jioni, bidoni mbili kwa nyumba. Tuweke alama ku fimbo ya kupimia: maji yakishuka chini ya alama, tunabakiza wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga tu. Tena, siterne yetu haijae vizuri juu ya kosa letu wenyewe. Milimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ya paa inatoa litre moja. Paa ya metre 40 kwa 10, mvua ya milimetre 20 ikinyesha, inatoa litre 8.000: ni bidoni 400! Na mufereji wa paa ya darasa za mwaka wa kwanza umetoboka tangu mwaka jana. Tunamwaga bidoni mamia chini, kisha tunagombana na mama muzee juu ya bidoni mbili.

Wanasema: «Wanaleta matope na makelele.» Tope linaletwa na maji yanayomwagika mahali pasipo na njia ya kupita. Mawe ya kupanga chini hayakosi Goma. Tupange mawe bapa chini ya robine, tufanye mufereji mudogo unaopeleka maji ku migomba, na tope litaisha. Makelele yataisha kukiwa na foleni na mutu wa kuisimamia.

Wanasema: «Hiyo ni kazi ya Serikali.» Tunakubali kabisa, na tunaomba wanaosema hivyo waendelee kusema kwa sauti. Katiba ya tarehe 18 ya mwezi wa pili 2006, kifungo cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa iko chini ya ulinzi wa sheria. Sheria ya maji ilitoka tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2015. Umoja wa Mataifa nao, tarehe 28 ya mwezi wa saba 2010, ulitamka kwamba maji salama na vyoo ni haki ya kila mutu. Kwa hiyo maji si zawadi ya mutu mukubwa siku ya uchaguzi. Lakini kudai haki kwa Serikali hakukatazi kumupa jirani maji leo. Mutoto anayehara hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Wanasema tena: «Tukiwapa bure, watazoea, na robine itavunjika.» Hapa wako na sehemu ya kweli, na sisi tunaichukua. Tumeona robine za musaada: siku ya kuzifungua kuna bendera, hotuba, picha. Kisha kale kamupira kadogo ka ndani kanachoka, maji yanavuja, hakuna anayejua nani wa kununua kengine, na baada ya miezi robine inabaki chuma cha kufungia mbuzi. Si volkano iliyoiua, wala si vita. Ilikosa mwenyewe. Basi majirani wachague kamati yao, nusu yake wanawake, na kila nyumba itoe kitu kidogo kila mwezi, kiandikwe mu kitabu ambacho kila mutu anaweza kusoma. Wajane, wazee, walemavu na wale waliofika na nguo za mwilini tu, wasilipe. Jina la musaada tunaopenda ni hilo: kamupira, kitabu na mutu wa kuulizwa.

Na vyoo vyetu je?

Hatuwezi kuandika juu ya maji ya majirani na kunyamaza juu ya vyoo vyetu wenyewe. OMS inataka choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 choo kimoja pamoja na mahali pa kukojolea. Kila mumoja aende kuhesabu milango, kisha ahesabu wanafunzi, apate jibu lake. Sisi tumehesabu, na jibu halipendeze.

Lakini hesabu si kila kitu. Choo kisicho na maji ya kunawa na sabuni karibu yake ni nusu ya choo. Sabuni ikikosa, majivu yanasaidia kuliko kupangusa mikono ku suruali. Choo cha wasichana kisicho na kifungio cha ndani ni sababu ya musichana kubaki nyumbani siku zake za kila mwezi, siku tatu ao ine, na interro haingoje. Kifungio kimoja cha chuma kinauzwa bei ndogo kuliko mupira wa football. Hatukatae mupira. Tunasema tu kifungio kitangulie.

Tunayoomba

Ili maneno haya yasibaki karatasi, tunaweka mbele ya Bwana Prefe, walimu na kamati ya wazazi mambo haya matano:

1. Mulango wa nyuma ufunguliwe saa moja asubuhi na saa moja jioni, na foleni isimamiwe na wanafunzi wawili wakubwa pamoja na mujumbe mumoja wa majirani.

2. Salongo ya siku ya posho inayokuja iwe ya kutengeneza mufereji wa paa na kupanga mawe chini ya robine. Mvua ikirudi, maji ya kwanza yaachwe yapite chini, juu yanaosha majivu ya volkano na uchafu wa ndege.

3. Maji ya siterne yasiitwe ya kunywa pasipo dawa. Klore itiwe mu kila bidoni kwa kipimo cha kituo cha afya, kama wanavyofanya kando ya ziwa, na watu wangoje nusu saa mbele ya kunywa.

4. Vifungio viwekwe ku vyoo vya wasichana, na ndoo yenye robine pamoja na sabuni mbele ya vyoo vyote. Zamu ya kuijaza iwe ya wavulana na wasichana, ya darasa kubwa na ndogo. Mwaka wa sita haiko cheo cha kutuma wadogo.

5. Kila mwanafunzi ajue kwa kichwa maji ya kumupa anayehara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visipite mudomo. Anywe kidogo kidogo njiani, huku anapelekwa ku kituo cha afya. Kolera inaweza kuua mutu kwa masaa machache, lakini ikitunzwa mapema, kwa wagonjwa 100 hafi hata mumoja.

Wapenzi wasomaji, tunajua kati yenu kuko wasiokubali. Waandike! Gazeti hili liko lenu, na namba inayokuja itaweka majibu yao pasipo kukata neno. Ila tunaomba kitu kimoja mbele ya kuchukua kalamu: kesho asubuhi, saa kumi na mbili, upite kwanza nyuma ya ukuta, uinue bidoni moja iliyojaa kwa mukono wako, uende nayo metre mia tano. Kisha uandike.

Kikundi cha waandikaji wa gazeti